Kovu la Maksai wa Saruji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mkono wangu wa kulia unajikunja wenyewe kana kwamba bado umeshika kamba ya ng'ombe. Nilikuwa kijana, nimevaa shati la kuazima lililopigwa pasi ya mkaa, nimesimama mbele ya watu wa vijiji kadhaa, nikiamini kwamba Nyambureti nzima hakuna mwanamume anayenizidi. Kabla jua halijageuka nilikuwa nimejifunza jambo ambalo sikulipata shuleni. Na shule yenyewe sikukaa nayo sana, niliishia darasa la nne.

Hilo la darasa la nne nalitaja kwa kusudi. Wewe umesoma, na mimi ndiye niliyekulipia. Mashine za kusaga unazoziona hapa na kule Mugumu hakuna aliyenirithisha. Baba yangu alikufa akiwa na mbuzi na kikohozi. Ng'ombe wangu wa kwanza niliwapata kwa kuchunga ng'ombe wa watu wengine, kwenye mvua na kwenye kupe, mpaka wenye ng'ombe wakaona aibu kutonipa mitamba. Kwa hiyo nikikueleza habari ya majivuno, usidhani ni mtu mnyonge anayewaonea wivu wenye kujivuna. Mimi najivuna tangu asubuhi. Ninachotaka kukueleza ni namna ya kujivuna.

Miaka ile tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Tuliacha miji yetu ya zamani huko vilimani, tukaacha na makaburi ya wazee kando ya mazizi, tukaja kupangwa kwenye mistari kama mahindi. Wengine walinung'unika. Mimi nilifurahi, maana kwenye mstari kila mtu anaona zizi la mwenzake, na zizi langu lilikuwa na maksai ambaye watu walikuwa wanasimama kumtazama.

Nilimwita Tingatinga. Nilimpata mnadani, mchana, mbele za watu, kwa kubadilishana na mitamba miwili. Alikuwa mwekundu, nundu kubwa, kifua kama mlango, na pembe yake ya kushoto ilikuwa imeshuka mpaka karibu na shavu. Ndiye aliyekuwa akiongoza plau yangu. Alikuwa na tabia moja mbaya: kila nikimvika nira alitupa shingo na kurudi nyuma, na mimi nilimpa fimbo mpaka akatulia. Nilijua ni ukaidi. Nilikuwa na mpango na maksai huyo. Mzee Wambura, baba yake Bhoke, alikuwa amekubali nimwoe binti yake, na alipohesabu ng'ombe wa mahari kwa kidole alianzia kwa Tingatinga. "Huyo kwanza," alisema, "halafu tutazungumza habari za hao wengine."

Sasa, kwenye kituo cha ufundi cha misheni alikuja kufundisha mzungu mmoja, mzee wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana kuliko ya mhunzi. Jina lake Anselmo. Sisi tulimwita Anselimo. Alitoka Urugwai, nchi ya Amerika ya Kusini, ambako alisema ng'ombe ni wengi kuliko watu, na kwa neno hilo moja wazee wetu wakampenda. Kiswahili alijifunza kwa mafundi, kwa hiyo alikijua cha misumari na mbao kuliko cha salamu. Watoto wakimwambia shikamoo, naye anajibu shikamoo, mpaka watoto wakawa wanapita kwake mara nyingi nyingi kwa sababu ya raha ya kuamkiwa na mtu mzima.

Kazi yake hasa ilikuwa kuchonga sanamu. Si zile za kuuzwa kwa watalii. Yeye alichonga sanamu za kusimama katikati ya mji, kubwa kuliko nyumba. Mwenyekiti wetu wa kijiji aliposikia hivyo, na saruji ilikuwa imebaki kidogo baada ya kujenga ghala, akapata wazo. Kijiji chetu kiwe na sanamu ya ujamaa: mwanamume na mwanamke wanalima kwa maksai. Vijana tukapewa kazi ya kukunja nondo na kuchota mchanga mtoni, na mimi nikawa mkuu wao. Sikuchaguliwa na mtu. Nilianza tu kuamuru, wakatii.

Tukiwa tunakunja nondo, Anselimo alitusimulia maisha yake. Baba yake alikuwa mwendesha mikokoteni ya maksai, akibeba sufu ya kondoo kutoka mashambani mpaka bandarini. Yeye akiwa mdogo alitiwa kwenye karakana ya makaburini, kuchonga misalaba na malaika wa watu wenye uwezo. Baadaye alipewa kazi ya kwanza ya serikali: jenerali juu ya farasi, katikati ya mji fulani. Baada ya hapo alitengeneza mkokoteni umekwama kwenye matope na maksai wanauvuta, akauweka kwenye bustani ya watu, kwa kumkumbuka baba yake. Halafu akatengeneza wanawake wanaofua nguo, kule bandarini.

"Na sanamu hizo zipo bado?" nikamuuliza.

"Wafuaji, hapana. Wanajeshi walichukua nchi. Wafanyakazi walipenda kukutana pale kwa wafuaji. Basi, usiku gari likaja, asubuhi pako wazi. Halafu wakaniambia, tengeneza jenerali mwingine. Nikachukua patasi zangu, nikaja huku."

"Na yule jenerali wa kwanza?"

Akacheka. "Yeye yupo. Lakini jina lake watu wamesahau. Farasi wanamjua! Nilipima farasi wa muuza maziwa, nikatengeneza huyo. Kila Jumapili muuza maziwa anakuja na sukari, anaweka kwenye mdomo wa farasi wa shaba. Watu wanamcheka. Yeye anakuja tu."

Sisi pia tukamcheka huyo muuza maziwa. Ungekuwepo na wewe ungecheka.

Siku ya mkutano wa kuamua sanamu itakavyokuwa, mwenyekiti alijiandaa kwa ugomvi wa sura: huyo mwanamume awe na sura ya nani, mwanamke sura ya nani. Mwanangu, hakuna aliyeuliza habari ya sura. Watu waligombania ng'ombe. Mmoja anasema wake ana nundu bora, mwingine anasema nundu bila miguu ni nini. Asubuhi ile nzima ilikwisha hivyo. Anselimo alikuwa ameshamwona maksai wa kijiji, mnene, mpole, hana kasoro, akasema huyo atafaa. Nikasimama.

"Maksai wa kijiji ni wa wote," nikasema, "kwa hiyo hana mtu wa kumsemea. Mgeni akimwona atasema ni ng'ombe tu. Njooni mumtazame Tingatinga."

"Mwita," mwenyekiti akanijibu, "hii ni sanamu ya ujamaa. Siyo ya zizi lako."

Watu wakaangua kicheko. Lakini mimi sikuwa mtu wa kukaa chini. Nilienda zizini, nikamleta Tingatinga mpaka katikati ya mkutano. Anselimo alimzunguka, akaitazama ile pembe iliyoshuka, akashika kidevu chake mwenyewe. "Huyu ana maneno," akasema. Mkutano ukaisha.

Kwa muda mrefu baada ya hapo alikuja zizini kwangu kila jioni jua likiwa bado lipo. Hakupima kwa futi. Alifumba macho na kumpapasa ng'ombe mwili mzima, mfupa kwa mfupa, kama kipofu anayesoma, kisha anakimbia kwenda kuuweka ule mfupa kwenye udongo wa kichuguu. Tingatinga, ambaye mimi alinitupia shingo, kwake alisimama kama mtoto anayenyolewa. Siku moja Anselimo akafumbua macho.

"Mwita, hapa chini ya nundu, upande wa kushoto. Hii ni nini?"

"Ni nyama tu, Anselimo. Ng'ombe ana nyama."

Akafumba tena macho, akaendelea.

Sanamu ilipokuwa inasimama, wapita njia wenye kupeleka mifugo mnadani walisimama kuitazama, wakaenda na habari yake, wakavuka nayo Mto Mara. Nilifurahi mno. Nilitaka ifike mbali, na ikafika.

Siku ya kuifungua watu walijaa. Alikuja kiongozi kutoka wilayani, akahutubia mpaka kina mama wakaanza kunyonyesha. Mzee Wambura alikaa mbele kwenye kigoda chake, amevaa koti, na nyuma yake nilimwona Bhoke na wenzake wakinitazama na kuziba midomo kwa khanga. Shuka lililoifunika sanamu likavutwa. Pale pale, kabla ya mtu yeyote kusema habari ya ujamaa, vijana wakapaza sauti: "Tingatinga! Tingatinga!" Mwanamume na mwanamke wa saruji walikuwa pale na plau yao, lakini hakuna aliyewatazama. Hata kiongozi wa wilaya aliuliza, "Tingatinga ndiye nani?" Nikajitokeza mbele. Nilihisi nina urefu wa ghala.

Ndipo watu walipopisha njia, akaja mama mmoja mzee, ameshikwa mkono na jirani yake. Macho yake yalikuwa na ukungu. Tope lililokauka miguuni lilionyesha ametoka mbali. Jirani akasema wametoka Nyanungu, kule Tarime, na huyu anaitwa mama Ghati, mjane.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Niambie, pembe ya kushoto ya huyu ng'ombe inatazama wapi?"

"Inatazama chini, mama. Inakaribia shavu."

Akatikisa kichwa polepole. Akafungua pindo la kitenge, akatoa donge la magadi, akapapasa mpaka akaufikia mdomo wa yule maksai wa saruji, akaliweka hapo.

Watu walicheka, mwanangu! "Mama, huyo anakula kokoto!" kijana mmoja akapiga kelele. Nami nikacheka, nikamwekea mkono begani kwa huruma ya mtu mkubwa. "Mama, huyu ni sanamu. Mwenyewe yupo zizini kwangu. Anaitwa Tingatinga."

"Hapana," akasema. "Anaitwa Sirari. Mama yake alimzaa njiani, tukitoka Sirari."

Sikumwona Anselimo, lakini nilijua yuko nyuma yangu, maana kicheko chake, ambacho huwa cha kwanza, sikukisikia.

Yule mama aliupeleka mkono wake juu ya shingo ya saruji. Ulipanda polepole, ukafika kwenye nundu, ukashuka upande wa kushoto, ukasimama. Vidole vyake vikarudi, vikapita tena pale pale. Akaanza kulia bila sauti.

"Fisi alimshika hapa," akasema, "akiwa ndama. Mzee wangu alipashona kwa uzi wa katani, akapaka majivu. Palipona vibaya. Alipokuwa maksai hakupenda nira, ikabidi mzee awe anaifungia ngozi ya mbuzi upande huu ili isimuumize. Baba, kwako anaikubali nira?"

Nilikuwa naziona fimbo zangu.

Jirani yake akamalizia. Ng'ombe wote wa boma lile walichukuliwa na wezi siku moja. Mzee alifuata nyayo zao, akarudishwa amebebwa. Hakuishi.

"Wa Nyanungu nao wametuchukulia wangapi?" mtu akauliza. "Huyo bibi ametumwa!" Vijana wangu wa nondo wakaanza kunisogelea, na fimbo hazikuwa mbali. "Mura, kijana wetu, usikubali!" Nikageuka, nikamwona Mzee Wambura ameegemea fimbo yake ananitazama. Bhoke alikuwa ameshusha khanga. Hapo ndipo nilipopaza sauti.

"Mimi si mwizi! Nilimpata mnadani, mchana, mbele za watu! Mwulizeni yeyote!"

Ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kweli, na watu wa kwetu wakapiga makofi.

Baba yangu mkubwa, Tata Nyamhanga, alikuwa amekaa chini kivulini kwa ghala. Ndiye aliyekuwa amebaki kwa upande wa baba. Aliinuka kwa shida, akaja mpaka akasimama kati yangu na yule mama.

"Mwita, hakuna aliyekuita mwizi. Nani amekuita mwizi?"

"Hakuna, Tata."

"Mwezi mzima umetusumbua na huyu ng'ombe. Kwenye mkutano, Tingatinga. Kwenye pombe, Tingatinga. Ukamtoa zizini ukamsimamisha barabarani ili kila apitaye aseme neno. Sasa amepita mtu mmoja anayemjua, amesema neno lake, unataka anyamaze? Ulitaka wanaomjua, au ulitaka wanaokupigia makofi?"

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningemjibu, nilikuwa na ulimi. Alisema tu, akasubiri, kama mtu aliyeuliza njia.

"Kamlete," akasema.

Nikaenda zizini peke yangu. Njiani nilifikiri mambo mengi, mengine siyo mazuri. Nilifikiri nitamfungulia mlango wa nyuma akimbilie porini. Nilifikiri habari ya Bhoke. Nilipofika, Tingatinga alikuwa anacheua, hana habari kwamba sasa yeye ni wawili. Nikamfunga kamba. Kabla sijamtoa, nikaingiza mkono wangu chini ya nundu, upande wa kushoto, mahali ambapo siku zote nilikuwa naiweka nira. Lilikuwepo. Kovu refu, limeinuka kama mshono wa gunia. Nilikuwa nimelima na mnyama huyo misimu mizima, nimemsifu mpaka koo limekauka, na mkono wangu ulikuwa haujawahi kufika pale. Mkono wa Anselimo ulifika. Mkono wa mama asiyeona vizuri ulifika hata kwenye saruji.

Nilimleta. Yule mama hakumwita hata kwa sauti kubwa. Alisema "Sirari," kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili, na maksai akasimamisha masikio, akaniburuta mimi na kamba yangu mpaka kwake, akalamba magadi yaliyobaki kwenye kiganja chake.

Nikampa kamba. Sikusema maneno mazuri, usidhani. Nilisema, "Mama, shika," basi.

Aliishika kidogo, kisha akanirudishia. "Mvua imeshaanza kunyesha, baba. Na kwangu hakuna wa kushika plau mpaka mkwe wangu arudi. Lima kwanza. Ukimaliza, mlete. Lakini weka ngozi ya mbuzi kwenye nira."

Mzee Wambura aliinuka, akachukua kigoda chake mwenyewe, akaondoka na watu wake bila kugusa uji tuliowaandalia. Bhoke alitazama nyuma mara moja tu. Nikajua zizi langu limeanguka kwa ng'ombe mmoja, na mahari pamoja nalo.

Watu walipotawanyika, Anselimo alikuja na mwiko wake na saruji kidogo kwenye karai. Uso wake ulikuwa mbaya. "Mimi ndiye niliyeliweka lile kovu," akasema. "Nilifikiri ni nyama, kama ulivyosema, lakini mkono ulisema si nyama, nikausikiliza mkono. Ukitaka, nalilainisha sasa hivi. Halitaonekana."

Nilimtazama yule maksai wa saruji na donge la magadi mdomoni, nikamkumbuka muuza maziwa wa kwao. "Liache," nikamwambia. "Huyu mama atakuja tena."

Nililima msimu ule nikiwa nimefunga ngozi ya mbuzi kwenye nira, na yule maksai hakutupa shingo hata mara moja. Kisha nikampeleka Nyanungu kwa miguu yangu. Tulipokaribia kwao alinitangulia, kamba ikawa kazi bure.

Bhoke nilimpata, kama unavyojua, maana ndiye anayekupikia ukija hapa. Lakini ilinichukua misimu mingine. Siku Mzee Wambura alipokubali kuja kuona ng'ombe wa mahari, hakuhesabu kwa kidole. Alimpapasa kila mmoja, shingo, nundu, mbavu, akitembea polepole, akinitazama mimi usoni badala ya kumtazama ng'ombe. Nami nilikuwa namwambia bila kuulizwa: huyu nimempata kwa fulani, huyu alizaliwa hapa, huyu ana jeraha la mwiba kwenye paja la nyuma. Alipomaliza akajifuta mikono kwenye koti. "Mura," akasema, "sasa unawajua."

Anselimo aliondoka miaka ile ile, sikumwona tena. Sijui kama wanawake wake wa bandarini walirudishwa mahali pao. Mama Ghati alikuja mara kadhaa siku za mnada, kila mara na magadi yake, na hakuna aliyemcheka tena. Siku hizi watoto wanampanda yule maksai mgongoni, pembe imevunjika nondo zinaonekana, na ukiwauliza habari ya ujamaa watakutolea macho. Lakini chini ya nundu, upande wa kushoto, kovu lipo. Ukipita Nyambureti, papase.

Nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Wengine watakwambia usijisifu. Mimi sitakwambia hivyo, maana mtu asiyejisifia kazi yake huenda hana kazi. Jisifu. Lakini kabla hujakitoa kitu chako barabarani, kipapase chote wewe mwenyewe, hasa pale unapowekea nira. Jua kilitoka kwa nani, na kilimuuma nani kabla hakijafika kwako. Na ukishakitoa, usichague wa kukisemea. Akija mtu na neno ambalo hukulitaka, msikilize kuliko wote wanaopiga makofi, kwa sababu huenda ndiye pekee anayekijua. Ikikupasa kuachia, achia mchana, watu wakiona. Utapungukiwa, sikufichi. Mimi nilipungukiwa. Ila kila nilichokipata baada ya hapo, mpaka mashine hizi, anaweza kuja mgeni yeyote akakipapasa huku amefumba macho, nami nikaendelea kunywa chai yangu.

Mungu akupe zizi la namna hiyo. Akupe mvua kwa wakati wake, na mkono unaofika mahali ambapo macho hayafiki. Na siku utakapolazimika kuitoa kamba ya kile unachokipenda, akupe kama alivyonipa mimi: mtu wa kukwambia, lima kwanza.